Sensa za kupaki kwenye gari la umeme

Sensa za kupaki zinafungika vizuri tu kwenye gari la umeme hata kama halikuja nazo, na hazigusani kabisa na ile betri kubwa inayoendesha gari. Gari la umeme nalo lina mfumo wa volti 12 kama la petroli, ndo unaoendesha taa, redio na wipa, na sensa za kununua kando zinakula hapohapo, waya mwekundu unaunga kwenye waya wa taa ya rivasi, mweusi kwenye bodi, ukiingiza rivasi tu zinaamka zenyewe. Kazi yangu ni waya za magari kwa hiyo hili nalijua kwa mikono.

Shida inakuja kwenye taa za LED, magari mengi ya sasa kompyuta inapeleka umeme wa taa kwa kukatakata, sasa sensa zinalia bila kitu nyuma au haziwaki kabisa, au dashibodi inaandika taa mbovu. Hapo weka filta, kile kifaa kidogo cha kunyoosha umeme unaokatakata, kati ya taa na boksi la sensa, usiunge moja kwa moja.

Kabla ya kutoboa vua bampa kwanza uone nyuma yake kuna nini, maana kuna chuma na pengine rada. Matundu yakae kama sentimita 50 hadi 60 kutoka chini, ukishusha sana zinasoma ardhi. Na waya wowote wenye ganda la rangi ya chungwa achana nao tafadhali, huo ndo wa volti kubwa na unaua.