Maswali na Majibu: Kila Ngazi ya TEHAMA Iwe na Kazi Yake

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mkuu wa idara ya TEHAMA katika chuo cha kati. Tunafundisha kuanzia Astashahada ya Awali, yaani ngazi ya 4 ya tuzo za taifa za ufundi, hadi Stashahada ambayo ni ngazi ya 6. Kila mwaka wapo wanafunzi wanaoishia ngazi ya 4 kwa kukosa ada, na waajiri wanalalamika kwamba hata wale wanaofika mwisho hawaiwezi kazi. Sasa tunaupitia upya mtaala wetu. Tuupange vipi?
Mkuu wa Idara, Mbeya

JIBU: Ndugu Mkuu wa Idara, katika barua yako liko jambo ambalo naomba lisipotee kwenye vikao vya mtaala, nalo ni hao wanaoishia ngazi ya 4. Mitaala mingi hupangwa kana kwamba kila aliyeingia chuoni atafika ngazi ya 6, hivyo mwaka wa kwanza hujazwa historia ya kompyuta na nadharia za jumla, huku kazi za mikono zikisubiri mwaka wa tatu. Anayelazimika kuondoka mapema huondoka na cheti halali ambacho hakimwezeshi kufanya kazi yoyote mahususi. Ilhali ngazi ya 4, ya 5 na ya 6 kila moja ina tuzo yake kamili, na mwenye tuzo ana haki ya kuwa na kazi anayoimudu.

Kwa hiyo anzeni na kazi, kisha masomo yafuate. Nendeni kwenye hospitali ya wilaya inayotumia GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa kutunza kumbukumbu za hospitali, kwenye halmashauri, SACCOS, shule za sekondari na maduka yenye mashine za EFD za kutoa risiti za kodi. Msiwaulize wenyeji wenu wanataka mhitimu wa namna gani, kwa sababu watawajibu kwamba wanataka mwenye bidii na mwaminifu, na jibu hilo halijengi mtaala. Waombeni wawaonyeshe matatizo yaliyoripotiwa katika miezi michache iliyopita, nani aliyatatua, na yapi yaliyobidi kumsubiri fundi kutoka mjini. Orodha hiyo ndiyo itakayowaambia nini kiwe ngazi ya 4 na nini kipande juu.

Kwa maoni yangu, mhitimu wa ngazi ya 4 awe fundi wa kuwahudumia watumiaji. Aweze kubadilisha diski na kumbukumbu ya kompyuta, kuweka mfumo endeshi upya bila kupoteza mafaili ya mwenye mashine, kuondoa virusi vilivyoletwa na flashi, kurekebisha printa inayoshirikiwa na ofisi nzima, kuvuta kebo ya mtandao na kuipima, na kukinga vifaa dhidi ya umeme unaokatika na kurudi ghafla. Pamoja na hayo, aweze kumsikiliza nesi au karani aliyekwama, amweleze tatizo kwa lugha anayoielewa, kisha aandike taarifa fupi ya alichokifanya. Stadi hii ya mwisho hupuuzwa sana, nami naamini ndiyo inayowafanya waajiri waseme kijana hajui kazi hata pale mikono yake inapojua.

Ngazi ya 5 ijengwe juu ya hapo bila kurudia: anwani za mtandao na jinsi ya kuzigawanya, swichi na ruta, mtandao usiotumia waya, akaunti za watumiaji kwenye seva, na nakala rudufu. Katika nakala rudufu, mwanafunzi apimwe kwa kurudisha data iliyofutwa, kwani nakala ambayo haijawahi kujaribiwa haiaminiki. Ngazi ya 6 ndipo matawi yaanze, kama vile uundaji wa programu na hifadhidata, usimamizi wa mifumo, au usalama wa mtandao. Msifungue matawi matatu mkiwa na walimu wa tawi moja.

Kuna jambo moja la usalama lisilopaswa kusubiri ngazi ya 6. Tangu kutungwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, anayeshika kompyuta yenye kumbukumbu za wagonjwa anapaswa kujua mipaka yake, na fundi wa ngazi ya 4 huishika kompyuta hiyo kila siku.

Mitihani ya kimataifa inaweza kuwasaidia kama kipimo. Maudhui ya CompTIA A+, mtihani wa ufundi wa kompyuta, yanakaribiana na ngazi ya 4 niliyoieleza, na ya CCNA, mtihani wa mitandao wa kampuni ya Cisco, yanakaribiana na ngazi ya 5. Hata hivyo, msiifanye kuwa sharti la kuhitimu, kwa kuwa ada zake hutozwa kwa viwango ambavyo familia nyingi haziwezi kuvimudu, na cheti cha CCNA hudumu miaka 3 tu kabla ya kuhitaji kuhuishwa. Programu ya Packet Tracer ya Cisco, inayoiga mtandao ndani ya kompyuta, hupatikana bure na itawapunguzia uhaba wa ruta na swichi, lakini mkono hujifunza kubana kichwa cha kebo kwa kukibana.

Upimaji nao ubadilike. Mwanafunzi akabidhiwe mashine yenye hitilafu na muda maalumu, badala ya kuulizwa aeleze hatua tano za kutafuta hitilafu. Ujerumani, ambako mafunzo ya ufundi wa TEHAMA kwa mfumo wa kazini na shuleni yalianzishwa mwaka 1997, mwanafunzi hufanya mradi halisi ndani ya kampuni kama sehemu ya mtihani wake wa mwisho. Nanyi wekeni mafunzo kazini katika kila ngazi, na msimamizi wa kazi asaini kazi zilizofanywa badala ya mahudhurio peke yake. Mkishakubaliana, wasilisheni mabadiliko NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi, kabla ya kuanza kuyafundisha.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza ngazi ya 4 ya TEHAMA, lakini baba amesema ada ya mwaka ujao haipo. Nimepata kazi kwenye duka la kutengeneza kompyuta. Nikiikubali nitakuwa nimepoteza masomo?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ikubali kazi hiyo. Tuzo yako ya ngazi ya 4 ni yako, na ndiyo sifa ya kukuingiza ngazi ya 5 utakapokuwa tayari. Kachukue cheti na matokeo yako chuoni mapema, na uulize kama wana masomo ya jioni au utaratibu wa kulipa ada kwa awamu. Ukiwa dukani, andika kwenye daftari kila kazi unayoifanya, hitilafu uliyoikuta na namna ulivyoitatua, ila usiandike majina wala siri za wateja. Ukirudi chuoni, mwonyeshe mwalimu wako daftari hilo.