Jibu: Ekari ya hatua 70 kwa 70 ni mita ngapi?

Ndugu, hizo hatua 70 kwa 70 alizokutajia muuzaji wa shamba si mita 70 kwa 70. Hatua hapo huhesabiwa kama yadi moja, sentimita 91 na ushee, kwa hiyo kila upande unatoka mita 64 hivi. Zidisha: mita za mraba 4,096. Ekari kamili ni 4,047, wazee hawakukosea sana. Ukipimiwa kwa mita 70 unapata 4,900. Ziada hiyo inazidi kiwanja cha 20 kwa 40!

Shida ni miguu. Mtu akipiga hatua za sentimita 75, "ekari" yako inabaki 2,756 tu. Nenda na futi kamba yako mwenyewe. Na karatasi zikitaja hekta, zidisha kwa 2.47 upate ekari.