Kadi ya mama haina pesa za mama: jibu kwa ndugu wa Bukavu

Ndugu zangu wa Kadutu na Panzi, hapo Bukavu, Kongo, swali lenu nimelisoma na sitalizungusha. Mnauliza: mama yuko Marekani, ana kadi ya benki ya dola elfu kadhaa, mbona siku hizi hatumi kitu? Na mmesikia eti mimi ndiye niliyemnyang'anya hiyo kadi. Nimeongea naye, ameniruhusu niwaeleze yote, hesabu kwa hesabu.

Kadi ile haina pesa za mama hata senti moja. Ni pesa za benki. Benki inamwambia: tumia mpaka kiasi fulani, ukirudisha zote kwa wakati hatukudai cha ziada, usiporudisha tunahesabu riba. Kwetu tunaijua banki Lambert, wale wakopeshaji wa mtaani: chukua dola mia leo, mwezi ukiisha leta mia na hamsini, la sivyo televisheni inabebwa. Huku hakuna anayekuja mlangoni. Unabembelezwa tu: lipa kidogo kila mwezi, inatosha. Hapo ndipo mtu mzima mwenye akili zake anazama taratibu.

Mama anafua mashuka ya hospitali, zamu ya usiku. Mshahara wake unalipa nyumba, umeme, gesi ya kupashia nyumba joto, bima ya gari, na unaishia hapo. Kadi aliianza kwa mambo ya huku: tairi, jino. Lakini sehemu kubwa ya deni iliingia mwaka 2025. Mnaikumbuka Februari ile, waasi wa M23 walipoingia mjini, benki zikafunga, simu zikalia zote kwa pamoja. Huyu anataka nauli avuke kwenda Burundi, yule dawa, mwingine unga. Mama hakuwa na akiba. Alifungua programu ya kutuma pesa kwenye simu yake, akaweka namba za kadi, akabonyeza. Ninyi mkapokea kwenye simu zenu baada ya dakika chache.

Msichokiona ni kilichotokea upande wa pili. Benki yake ilihesabu kila alichotuma kuwa amechota pesa taslimu kwa kadi: makato ya asilimia 5 papo hapo, riba karibu asilimia 30 kwa mwaka, tena inaanza siku ileile bila kungoja mwezi uishe. Siwalaumu. Watu walikuwa hatarini, na mama angefanya vilevile hata leo. Nataka tu mjue dola zile zilikuwa na bei gani.

Deni lilipofika dola 6,000, ukichanganya riba zote ilikuwa kama asilimia 24 kwa mwaka, yaani dola 120 kila mwezi. Mama alikuwa akilipa kile kiwango cha chini, dola 180, bila kukosa hata mara moja, akiamini deni linashuka. Lilikuwa linashuka kwa dola 60. Tangu sheria ya mwaka 2009, benki za Marekani zinalazimika kuandika kwenye karatasi ya mwezi kwamba ukilipa kiwango cha chini tu, utamaliza lini. Kwenye karatasi ya mama kuna kisanduku chenye maandishi madogo: miaka 18, na jumla atakayolipa ni zaidi ya dola 16,000. Nilimsomea kwa Kiswahili, akaniomba nirudie. Ana miaka 61. Alihesabu kwa vidole, akasema, "Nitakuwa na 79."

Basi tumelihamisha deni. Kuna benki huku zinazovuta wateja hivi: fungua kadi kwetu, tutalilipa deni lako la kule, na hapa hutatozwa riba kwa miezi 12, au 18, nyingine hata 21. Wanakata ada mara moja, kwa kawaida asilimia 3 mpaka 5 ya kilichohamishwa. Lazima iwe benki tofauti, na lazima uwe na sifa nzuri ya kulipa madeni. Sifa hiyo mama alikuwa nayo kwa sababu hajawahi kuchelewa.

Mimi nilitaka nifungue kadi kwa jina langu nimbebee mzigo. Baadhi ya benki zinakubali, ila kisheria deni lingekuwa langu. Mama alikataa katakata: "Deni nimechukua mimi, libaki kwa jina langu." Nikamheshimu.

Benki mpya ilimpa kikomo cha dola 4,500, hazikutosha kubeba yote. Tukahamisha 4,300, ada ya asilimia 3 ikawa 129, jumla 4,429. Ukigawanya kwa miezi 18 ni dola 246 na senti kidogo kila mwezi. Hizo analipa mama, zinakatwa zenyewe mshahara ukiingia. Dola 1,700 zilizobaki kwenye kadi ya zamani bado zina riba, kwa hiyo mimi na mdogo wetu wa Ohio tunazilipa, 150 kwa mwezi. Zitatuchukua kama miezi 13.

Sikilizeni vizuri hapa: deni halijafutwa. Miezi 18 ikipita na kitu kikabaki, kitaanza kutozwa riba ya kawaida, zaidi ya asilimia 20. Malipo yakichelewa siku 60, benki inaruhusiwa kuondoa nafuu hiyo hata kabla ya muda. Na kinachonitisha zaidi ni kadi ya zamani, kwa sababu sasa ina nafasi. Watu wengi huku wanahamisha deni, halafu ile ya kwanza wanaijaza tena, wanabaki na madeni mawili. Ndiyo maana kadi zote mbili ziko kwangu. Mama alinipa kwa mkono wake, akaniomba nifute namba zake kwenye programu ya kutuma pesa. Hakuna aliyemnyang'anya.

Ninachowaomba ni kimoja: msimpigie mama kuomba pesa mpaka tumalize. Hajui kuwaambia hapana. Akinyimwa kadi atakwenda kukopa kwa mama wenzake wa kanisani, nasi tutaanza upya. Nipigieni mimi. Ugonjwa na msiba tutachangia kutoka kwenye mshahara, hata kama ni dola 30. Minerval, ada ya shule ya watoto, tumeanza kuiweka pembeni, sehemu yake itafika Septemba. Simu mpya na sherehe, hapana. Harusi ya kaka, mchango wetu utakuwa mdogo, nitamwambia mwenyewe.

Mama mdogo, wewe ulimwuliza kama akifariki deni litatuangukia sisi watoto. Hapana. Huku deni la kadi linadaiwa kwenye mali aliyoacha marehemu. Isipotosha, benki inapata hasara. Mtoto hadaiwi, isipokuwa kama aliweka sahihi pamoja naye, na sisi hatukuweka. Mama hakulala baada ya ujumbe wako ule wa sauti, kwa hiyo tafadhali mpigie. Jumapili hafanyi kazi. Jioni ya kwenu huku ni mchana, utampata ameamka.