"Ni zake" au "si zake": usiku nilipopekuliwa nyumbani

Mbwa wa jirani ndio walioanza. Halafu geti likagongwa, ugongaji wa mtu asiye na mpango wa kuondoka. Nikatazama simu: saa tisa na dakika kumi usiku. Ilikuwa Juni, Ilemi, na baridi ya Mbeya ya mwezi huo mnaijua wenyewe. Nikavaa sweta la marehemu baba, nikajitanda kanga mbili juu yake, nikasogea dirishani.

"Polisi. Fungua, mama."

Walikuwa wanne, mwenye sare mmoja. Walitafuta pampu za kumwagilia zilizoibwa mashambani huko Mbarali. Na pampu zilikuwepo. Mbili, nyekundu, zimefunikwa turubai kwenye stoo yangu ya mchele. Zililetwa wiki mbili nyuma na mtoto wa kaka yangu anayelima Igurusi. Aliniambia, "Shangazi nihifadhie, huku mabondeni wanaziiba." Nikamhifadhia. Angekuwa wa kwenu na wewe ungemhifadhia.

Tangu yanikute, wenzangu wa sokoni wanakuja mmoja mmoja kuniuliza ilikuwaje, kwa hiyo leo nimeamua kuandika mara moja. Mimi si mwanasheria, nauza mchele Mwanjelwa. Ninayoyajua nimeyapata kwa kukosea, na kwa wakili wa msaada wa kisheria aliyenikalisha akanifungulia Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20. Namba za vifungu ninazotaja ni za toleo la 2022. Toleo jipya la urekebu lilianza kutumika Julai 2025, hivyo ukikuta namba imehama usidhani nimekudanganya.

Kwanza mlango. Fungua. Askari mwenye mamlaka ya kupekua ukimzuia kuingia, sheria inamruhusu kuvunja, na mlango wa mninga siku hizi si wa kuuchezea. Ila kabla hawajavuka kizingiti, uliza kwa adabu: wewe ni nani, umetoka kituo gani, hati ya upekuzi iko wapi? Mimi nilikuwa naamini hati lazima iwe na muhuri wa mahakama, na nusura nijiaibishe. Kumbe kifungu cha 38 kinampa hata mkuu wa kituo uwezo wa kutoa idhini ya maandishi, akiwa na sababu za msingi za kushuku. Kifungu cha 40 kinasema hati itekelezwe kati ya jua kuchomoza na jua kuzama, labda mahakama iwe imeruhusu saa nyingine. Halafu kuna kifungu cha 42, cha dharura, kinachomruhusu askari kupekua bila hati pale ambapo jambo ni zito na haliwezi kusubiri.

Sasa saa tisa usiku kwangu ilikuwa dharura au haikuwa? Nilimuuliza wakili hivyohivyo. Akasema, "Mama, mlangoni wewe uliza na ukumbuke. Kubishana tutabishana sisi, mbele ya hakimu." Na akanitahadharisha: upekuzi ukikiuka utaratibu, kifungu cha 169 kinaipa mahakama nafasi ya kukataa vielelezo vilivyopatikana hivyo, na Mahakama ya Rufani imeshaviondoa katika kesi kadhaa. Lakini mahakama inapima, haifuti tu kwa sababu umelalamika.

Nilichofanya vizuri usiku ule ni kimoja: niliomba nimwite mjumbe wa mtaa awe shahidi. Hawakukataa. Mjumbe wetu ni mzee mstaafu wa reli ya TAZARA, akaja na koti lake la kazini na ndala, macho mekundu. Askari mmoja akamvutia kiti sebuleni, "Mzee kaa hapa, tukimaliza utasaini." Mzee hakukaa. Akasema, "Afande, kwa heshima zote, nikiulizwa niliona nini nitasema niliona kochi?" Akaomba tuende wote chumba kwa chumba, na kabla ya kuanza wapekuaji waonyeshe mifuko yao. Wakaonyesha. Nilitamani kucheka, ila meno yalikuwa yanagongana.

Shahidi ni wa kuona. Mjumbe anayeletwa kusaini vitu vilivyokwishapangwa mezani hakusaidii wewe, na kusema kweli hata polisi hawasaidii, maana mahakamani ataulizwa pampu ilitoka kona ipi.

Walichukua pampu, simu yangu, na fedha zilizokuwa kwenye kopo la Blue Band kabatini, malipo ya mteja wangu wa Tunduma. Kwenye karatasi ya vitu vilivyokamatwa, askari akaandika: "pampu mbili, simu moja nyeusi, fedha taslimu". Akanipa kalamu.

Hapo ndipo mzee wa TAZARA aliponiokoa mara ya pili. "Fedha taslimu kiasi gani?" Ikabidi zihesabiwe, kitandani, noti moja moja, mjumbe akihesabu kwa midomo kama anayesali. 1,840,000. Ikaandikwa kwa tarakimu na kwa maneno. Pampu nazo zikaongezewa namba zilizogongwa kwenye chuma. Mistari mitupu iliyobaki chini ikapitishiwa mstari mmoja wa mshazari hadi mwisho wa ukurasa, ndipo tukasaini. Kifungu cha 38 kinataka utolewe risiti ya vitu vilivyochukuliwa, ikiwa na sahihi ya mwenye nyumba na za mashahidi kama wapo, kwa hiyo hatukuwa tunaomba fadhila. Binti yangu akaipiga picha kwa simu yake. Nilijiona nimemaliza kila kitu. Sikuwa nimemaliza, nitafika huko.

Kuhusu mwili: mwanamke anapekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa staha. Hakukuwa na askari wa kike, nikasema nitapekuliwa kituoni. Ikawa hivyo, bila ugomvi.

Anayekukamata anapaswa kukuambia kosa lenyewe wakati huohuo. Kifungu cha 23. Nikaambiwa: kupokea mali ya wizi.

Kituoni, uliza muda wako umeandikwa saa ngapi. Si swali la kijinga. Kifungu cha 50 kinatoa saa 4 za kumhoji mtu tangu alipowekwa chini ya ulinzi, na kifungu cha 51 kinaruhusu kuongezwa hadi saa 8 nyingine kwa utaratibu wake. Muda wa njiani kwenda kituoni hauhesabiwi, wala wa kumsubiri wakili au ndugu uliyemwomba. Na unaruhusiwa kumwomba mmoja wao. Kifungu cha 54 kinataja wakili, ndugu au rafiki. Nikaomba kumpigia binti yangu, na jambo la kwanza nililomwambia ni aniletee miwani. Askari wa kaunta akacheka, "Mama, hapa hatuangalii tamthilia." Akaniruhusu.

Miwani ile ndiyo sababu ya makala hii.

Saa moja asubuhi nikaitwa kuandika maelezo ya onyo. Nikaambiwa jina na cheo cha anayenihoji, nikaambiwa silazimiki kusema lolote na kwamba nitakalosema laweza kutumika mahakamani. Hayo ni lazima uambiwe. Jina na mahali unapoishi taja, mengine una haki ya kunyamaza mpaka upate mtu wa kukushauri. Mimi sikunyamaza. Sisi tuliozoea kuuza kwa mdomo hatuwezi kunyamaza, tunaona tukieleza vizuri mtu ataelewa. Nikaeleza dakika arobaini. Kuhusu pampu nikasema, "Aliniletea mtoto wa kaka yangu, mimi nilijua ni zake."

Akanisomea haraka haraka, kama anayesoma matangazo ya vifo. Nikasikia vizuri, nikaridhika. Kalamu ilikuwa tayari mkononi binti yangu alipofika kaunta na miwani. Nikasema, afande, naomba nijisomee. Akavuta pumzi, akanisogezea.

Ukurasa wa pili, mstari wa katikati: "mimi nilijua si zake."

Herufi moja! Nilisoma mara tatu. Sisemi alifanya kusudi. Naye alikuwa amekesha, mwandiko wake ulishaanza kulala, na masikioni "ni" na "si" mtu akiwa anatetemeka kwa baridi zinafanana. Ila Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 311, kosa la kupokea mali ya wizi linasimama juu ya kujua au kuwa na sababu ya kuamini kwamba mali ni ya wizi, na adhabu yake inafika miaka 10. Kwa hiyo kwenye karatasi ile ningekuwa nimeshakiri, kwa sahihi yangu, bila kupigwa hata kofi.

Nikaonyesha kwa kidole. Akaangalia, akanyamaza, akasema, "Tutarekebisha." Na hili likariri: hairekebishwi kwa kufuta wala kwa kuandika juu ya herufi. Neno linakatwa kwa mstari mmoja, neno lililo sahihi linaandikwa juu, na wote wawili mnasaini pembeni. Sheria inataka uonyeshwe au usomewe maelezo na uulizwe kama kuna la kusahihisha au kuongeza. Niliongeza. Nikaomba badala ya "nilijua" iandikwe "niliamini". Kiswahili chetu cha mtaani "nilijua utakuja" maana yake "nilidhani utakuja", na hakimu hakulelewa Ilemi.

Kama hujui kusoma, omba asome polepole na ndugu yako awepo. Kama umechoka, sema umechoka na iandikwe. Kama umepigwa, usimalize siku ile bila kuomba PF3, fomu ya polisi ya matibabu, uende hospitali, na mwambie hakimu siku ya kwanza kabisa unapofikishwa mbele yake, si miezi sita baadaye. Ungamo lisilo la hiari halikubaliki kama ushahidi, lakini anayedai ameteswa ataulizwa kwa nini alikaa kimya. Mimi sikuguswa, naeleza kwa ajili ya wengine.

Dhamana nitaieleza kwa kifupi kwa sababu kwangu ilikwenda haraka. Kaka yangu mkubwa na jirani walifika saa tano, na barua za serikali ya mtaa na vitambulisho vya NIDA. Dhamana ya polisi hailipiwi, hata vituoni imebandikwa ukutani. Kuna kijana mmoja, hadi leo sijui alikuwa nani pale, alimnong'oneza kaka habari za mafuta ya gari. Kaka akamuuliza kwa sauti ya kawaida, "Utaniandikia risiti?" Kijana akaondoka. Ukikutana na wa namna hiyo asiyeondoka, TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, wanapatikana kwa 113, simu ya bure. Makosa kama mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha hayana dhamana, huko usihangaike na kituo, hangaika na wakili. Kwa makosa mengine ya kawaida, aliyekamatwa bila hati anatakiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na hilo likiwa haliwezekani mkuu wa kituo aangalie kumwachia kwa dhamana. Ndugu yako akikaa siku na siku, hamjui yuko wapi wala ana kosa gani, Mahakama Kuu inaweza kuombwa itoe amri aletwe. Iko Mbeya na iko Iringa, huna haja ya kupanda basi la Dar es Salaam.

Wakili nilimpata baada ya kutoka. Nilikwenda ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri, wakanielekeza kwa watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Sikulipa. Niliwapelekea kilo tano za mchele wa Kyela wakazikataa, nikarudi nazo.

Jalada langu lilikaa miezi minne, kisha nikaitwa na kuambiwa sitashtakiwa. Habari ya mtoto wa kaka yangu ni ndefu na iko mahakamani, naiacha hapo. Pampu zilirudi kwa mwenyewe, namba za kwenye chuma zililingana.

Mimi nikaenda kuchukua vyangu, nikiwa na ile picha ya karatasi. Fedha zilihesabiwa mbele yangu: 1,840,000, haikupungua hata mia. Simu nikapewa, nikaiwasha, ikawaka. Nikafungua upande wa picha. Hakuna kitu. Nikachomoa kile kisahani cha laini kwa pini ya kilemba: laini ipo, nafasi ya memori kadi tupu. Kwenye kadi ile zilikuwa picha za baba, za mwaka wake wa mwisho, akiwa amevaa hilohilo sweta.

Nikamwambia askari wa stoo. Hakuwa mtu mbaya, alivuta droo mbili akatazama, akapekua hata bahasha. Mwisho akachukua karatasi, akaisoma na kidole kikifuata maneno.

"Mama, hapa imeandikwa simu moja nyeusi."

Ndivyo ilivyoandikwa. Sahihi ilikuwa yangu.