Jibu: Ufuta una cheti lakini mnunuzi amekataa paleti

Salaam mkuu. Kama nimekuelewa, ufuta wako wa Kondoa umefukizwa na una cheti cha afya ya mimea, ila mnunuzi wa Ulaya amegomea paleti (majukwaa ya mbao ya kupangia mzigo) ulizogongesha kwa fundi hapo Dodoma.

Hapo ufuta hauna kosa, shida ni mbao. Cheti hakizisaidii. Pindua paleti moja uangalie ubavuni: kuna mhuri wa suke la ngano, herufi IPPC (mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea), TZ ya Tanzania, namba ya mtengenezaji, halafu HT (zimepashwa joto) au MB (zimefukizwa kwa gesi ya methyl bromide)? Kama hakuna, zimefeli hata zikiwa mpya kabisa. Kanuni ya ISPM 15, yaani kiwango cha kimataifa cha kuua wadudu kwenye mbao za vifungashio, kwa HT inataka mbao zipashwe joto hadi kiini kifike 56°C kwa dakika 30 mfululizo. Akitokea wa kukuambia "nakugongea mhuri tu", mkimbie. Waulize TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania) nani ameidhinishwa kugonga mhuri huo.

Mimi huwa napanga magunia sakafuni mwa kontena bila paleti, mnunuzi akiridhia. Ila vile vibao vya kukazia mzigo navyo vinahitaji mhuri, na hapo ndipo wengi hunaswa. Plaiwudi haimo kwenye kanuni hiyo, kwa hiyo haihitaji mhuri.