Sakafu ya Boti Ikibonyea, Usiifunike

Wiki iliyopita uliingia ujumbe wa msomaji wa Mtwapa. Amenunua boti ya faiba ya futi 18, ya zamani, bodi yake bado inang'aa na mashine inawaka bila taabu. Tatizo ni kwamba akisimama karibu na tezi, yaani nyuma ya boti, sakafu inabonyea chini ya nyayo. Ameshauriwa alaze plaiwudi mpya juu ya ile ya zamani, apige mati mbili za faiba (mikeka ya nyuzi zisizofumwa), na Jumamosi arudi baharini. Anauliza kama ushauri huo unafaa.

Haufai, ndugu yangu. Inauma kuona ushauri huu unavyotembea kutoka diko hadi diko, kwa sababu umeua boti nyingi ambazo zingeweza kuokolewa. Plaiwudi 2 za milimita 12 ni karibu kilo 40 za mzigo mpya, zimelazwa juu ya mbao zisizobeba kitu, na unyevu wote umefungiwa chini. Baada ya masika moja sakafu itabonyea tena, safari hii ukiwa na tabaka mbili za kubomoa.

Faiba yenyewe haiozi. Kinachooza ni mbao zilizofichwa ndani yake. Boti nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zina plaiwudi au mbao sehemu tatu: sakafu, mihimili mirefu inayolala juu ya tumbo la boti kutoka tezi kwenda omo (mbele ya boti), na ukuta wa tezi unaobeba mashine. Mbao hizo ndizo zinazoipa faiba ugumu. Zikigeuka uji, tumbo la boti linacheza kama debe kila linapopiga wimbi, na faiba inaanza kupasuka pembeni mwa mihimili.

Wengi wanailaumu bahari, lakini mkosaji mkubwa ni mvua. Chumvi inapunguza kasi ya kuvu wanaoozesha mbao, ilhali maji baridi yaliyotuama kwenye ngama (uvungu ulio chini ya sakafu) yanawalisha. Boti inayovua kila siku inaweza kudumu kuliko ile iliyoegeshwa chini ya mwarobaini, majani yameziba tundu la maji, ikabaki hivyo misimu miwili. Na maji yanaingia kwenye mbao kupitia matundu tuliyotoboa wenyewe: skrubu za viti, boliti za mashine, bomba la kizibo cha kutolea maji, na zaidi ya yote skrubu zile mbili ndogo za kifaa cha kupimia kina, zilizopigwa kwenye tezi bila gundi.

Kabla ya kununua chochote, pima. Gonga kwa mpini wa nyundo: mbao nzima inalia kwa sauti kali, iliyooza inajibu kwa sauti nzito, iliyofifia. Kisha chukua drili na biti ya milimita 6, utoboe kutokea ndani tu, usifike nje. Toboa ubavuni mwa kila muhimili, chini kabisa, kila baada ya sentimita 30, na kwenye tezi karibu na kizibo na chini ya boliti za mashine. Unga mweupe mkavu ni habari njema. Unga wa kahawia unaoshikana vidoleni, au maji yanayochuruzika, ni hukumu. Mwisho, inua mashine nusu, mtu akandamize ncha yake ya chini huku wewe ukitazama tezi. Ukuta ukicheza hata kidogo, usiingie baharini. Ukuta huo ukipasuka nje, mashine inazama na boti inajaa.

Kuna wanaouza wazo la kutoboa matundu na kumimina epoksi nyepesi (gundi ya kuchanganywa inayoganda) ili "igandishe" uozo. Kwa fremu ya dirisha, sawa. Kwa tezi inayobeba mashine ya farasi 40, hapana. Epoksi haifiki kwenye mbao iliyojaa maji, na pale inapofika inagandisha kitu ambacho nyuzi zake zimekwisha kuliwa.

Sasa niseme jambo ambalo ndilo hasa linaloharibu kazi za nyumbani, kuliko hata gundi mbaya: sura ya boti. Ukishatoa mihimili, tumbo la faiba ni laini. Likiwa limekaa kwenye trela yenye rola mbili, litalegea kufuata rola, na mbao mpya zitalifunga katika ulegevu huo maisha yake yote. Tumbo likiwa limeingia ndani karibu na tezi, boti inazamisha omo na kuchimba mawimbi. Likiwa limevimba nje, inarukaruka kama pomboo, na hakuna mpangilio wa mashine utakaoituliza. Kwa hiyo ishushe kwenye trela. Lalisha mkuku (uti wa chini wa boti) juu ya magogo yaliyonyooka kila baada ya sentimita 60, weka vitegemeo chini ya pembe za tumbo kushoto na kulia, na ubao ulionyooka wa mita 1.5 uupitishe chini ya tumbo kutoka tezi kwenda mbele hadi usione mwanga. Funga mbao 2 au 3 za kukingama juu, ubavu hadi ubavu, ili boti isifunguke. Andika kwenye daftari: upana sehemu tatu, ulalo kutoka pembe za tezi hadi omo pande zote mbili, kimo cha kila muhimili, umbali wake kutoka katikati. Pima pia mlalo wa tezi, ambao kwa kawaida ni nyuzi 12 hadi 14, na kimo chake: milimita 381 kwa mashine ya shafti fupi, 508 kwa ndefu. Rudia vipimo hivyo kila asubuhi kabla ya kupaka rezini, ile gundi ya maji inayogandisha faiba.

Na usitoe kila kitu kwa pamoja. Muhimili uliooza bado una ganda la faiba linaloshika sura. Anza na tezi mihimili ikiwa mahali pake, kisha muhimili mmoja, ukauke, ndipo uje wa pili.

Kukata sakafu, tumia msumeno wa duara uliowekwa kina cha sakafu tu, na uache ukingo wa sentimita 5 kuzunguka ubavu, ndipo sakafu mpya itakapokalia. Tunza vipande vya zamani, ni kigezo cha bure. Kwenye tezi, kata ganda la ndani ukiacha ukingo wa sentimita 7, kisha chimbua mbao kwa patasi hadi uone ganda la nje. Ukuta wa tezi ubadilishe wote. Muhimili unaweza kuukata pale mbao inapokuwa kavu kabisa, lakini kiungo kiwe cha mshazari, nane kwa moja: muhimili wa milimita 36 unahitaji mshazari wa karibu sentimita 29. Kiungo cha kukatwa wima ni bawaba.

Kisha grainda, diski ya msasa namba 36 au 40, hadi mng'ao wote uishe, sentimita 15 kila upande wa mahali faiba mpya itakaposhika. Osha grisi kwa sabuni kabla ya kusaga, maana ukisaga grisi unaisukuma ndani. Baada ya kusaga, fyonza vumbi na upanguse kwa asetoni. Vumbi la faiba si la kuchezea: miwani, mikono mirefu iliyofungwa kwa selotepu, barakoa ya vumbi iliyobana uso, na jirani aanue nguo zake. Barakoa hiyo haizuii harufu ya rezini, kwa kazi ya rezini unahitaji yenye vichujio vya mvuke. Kujua kama ganda limekauka, bandika kipande cha nailoni angavu kwa selotepu pande zote usiku kucha. Ukikuta matone asubuhi, ngoja. Januari na Februari, kaskazi ikivuma kavu, ni miezi mizuri ya kazi hii pwani. Wakati wa masika iache.

Rezini ya epoksi au ya poliesta? Epoksi inashika mbao na faiba ya zamani vizuri zaidi, na mtu mwenye uwezo aitumie angalau kwenye tezi. Poliesta ni nafuu na boti nyingi zilijengwa nayo, ila haisamehi uvivu wa kusaga. Kumbuka mambo mawili. Epoksi inashika juu ya poliesta, lakini poliesta haishiki vyema juu ya epoksi, kwa hiyo ukishaanza epoksi, maliza nayo, na mwisho upake rangi badala ya jelkoti (tabaka la nje la poliesta linalong'aa). Pili, mati ya kawaida ina gundi inayoyeyushwa na poliesta, si epoksi. Kwa epoksi nunua nguo iliyofumwa au kushonwa.

Kwa boti ya futi 18 yenye tezi ya mita 1.8 kwa 0.6, mihimili miwili ya mita 3.4 na sakafu ya mita za mraba 5, hesabu ni hii. Plaiwudi ya marini ya milimita 18, karatasi 2: moja inatoa tabaka mbili za tezi, nyingine inatoa mihimili. Chana hiyo ya pili kwa urefu, vipande 6 vya sentimita 20, utabaki na milimita 20 tu za kuliwa na msumeno, hivyo tumia diski nyembamba. Vipande 4 vizima na viporo vya sentimita 96 vinaunda mihimili yote miwili, kila mmoja tabaka mbili, viungo vikiwa vimepishana karibu mita moja na nusu. Milimita 12 kwa sakafu, karatasi 2. Plaiwudi ya seremala wa vitanda ina mashimo katikati na gundi isiyostahimili maji. Chemsha kipande kwa saa kadhaa, kikiachana umepata jibu. Rezini ya poliesta kilo 45 pamoja na ya kupotea, kwa kuwa mita moja ya mraba ya mati ya gramu 450 inakunywa kama kilo 1, na nguo iliyofumwa ya gramu 600 inakunywa kiasi cha uzito wake tu. Hadina, dawa ya kugandisha rezini, kilo 1.

Hadina ni asilimia 1 hadi 2. Kwenye joto la nyuzi 30 baki kwenye 1, usishuke hapo, rezini haitaiva hata ikionekana ngumu. Changanya kilo moja kwa mara, kwenye sinia pana. Kwenye ndoo yenye kina inajichemsha, inafuka moshi, inaweza kuwaka. Kama muuzaji amekupa kobalti (dawa ya kuharakisha kuganda) kando, ikoroge kwanza kabisa ndani ya rezini, ndipo hadina iingie baadaye. Kobalti na hadina zikikutana peke yake zinalipuka. Hadina ikiingia jichoni, maji mengi mara moja na hospitali.

Mbao ipakwe kwanza rezini yenye hadina, bila faiba, pande zote, hasa kingo, mara mbili. Kisha pasta: rezini iliyokazwa kwa unga wa silika mpaka ikae kama siagi ya karanga. Ipake kwenye ganda la nje la tezi kwa mwiko wenye meno, na kwenye ubao pia, halafu bana kwa boliti kupitia matundu ya mashine na mbao za kukandamiza. Usikaze kupita kiasi, pasta yote ikatoka. Unataka ichuruzike kidogo kila upande, hapo unajua hakuna pango. Ubao uliowekwa mkavu, ukategemea faiba ya juu kuushika, una hewa nyuma yake, na hewa hiyo siku moja itakuwa maji.

Faiba haipendi kona kali, inanyanyuka na kuacha pango. Jaza kila kona kwa pasta, uviringe kwa kitu chenye nusu kipenyo cha sentimita 1.5 hivi. Muhimili upate mati, nguo iliyofumwa, mati, zikipita juu yake na kushuka kwenye tumbo la boti sentimita 10, 12.5, kisha 15, ili ncha zisikomee mahali pamoja. Tezi ipate tabaka 5, mati tatu na nguo mbili. Toa hewa kwa rola ya chuma. Madoa meupe ni hewa, yasagwe na kujazwa. Fanya alfajiri au jioni chini ya turubai. Tabaka zinazofuatana siku hiyohiyo zinashikana zenyewe. Ukilala, saga tena.

Kabla ya kufunga sakafu, pitisha vipande vya bomba la PVC la milimita 25 kwenye mihimili, chini kabisa, vizungushiwe faiba ili maji ya ngama yapite bila kugusa mbao. Upande wa chini wa sakafu upigwe mati kabla haujageuzwa, maana ndio unaooza kwanza. Povu la zamani lililo chini ya sakafu likiwa na maji, lote nje. Usijaze vipande vya maboksi meupe ya samaki: poliesta inayayeyusha mbele ya macho yako, na petroli vilevile.

Kila tundu jipya, hata la skrubu ya kishika kikombe, litobolewe kubwa kuliko linalohitajika, lijazwe epoksi iliyokazwa, likauke, ndipo litobolewe kwa kipimo chake. Boliti za mashine zipate gundi ya poliurithani ndani ya tundu lote, si chini ya kichwa tu. Boti ikilala nchi kavu, omo iinuliwe, turubai liwe na mgongo wa kumwaga maji na mwanya wa upepo kila upande, na kizibo kitolewe. Kifunge pamoja na ufunguo wa mashine, ili siku ya kushusha usiwashe bila kukigusa.