Maswali na Majibu: Ni ya Nani Kadenza Unayoipiga?

Nimeitafuta kadenza asilia ya Mozart (kipande ambacho mpigaji hupiga peke yake, okestra ikinyamaza) kwa koncheto yake ya piano ya D mdogo, K. 466 (K. ni namba yake katika orodha ya kazi za Mozart), bila mafanikio. Inapatikana wapi?

Haipatikani popote, na swali hili halikomi kuletwa kwa sababu wengi hununua kitabu cha nota na kuiruka dibaji. Mozart aliitunga koncheto hii mwaka 1785 akaipiga mwenyewe mjini Vienna, na mtu aliyeweza kubuni kadenza papo hapo, okestra ikiwa imenyamaza inamngoja, hakuwa na haja ya kuiandika. Zilizobaki kwa mkono wake nyingi ziliandikwa kwa ajili ya wengine, akiwemo dada yake, ambaye Mozart alimtumia kadenza kwa barua mwaka 1783. Kwa K. 466, K. 467, K. 482, K. 491 na K. 503 hatuna hata moja. Kwa hiyo kadenza iliyomo kitabuni mwako ni ya mtu mwingine, na kabla hujaweka kidole kwenye piano ujue ni ya nani.

Mwalimu wangu anataka nipige kadenza ya Beethoven katika koncheto hiyohiyo. Mwenzangu anasema inamharibu Mozart. Nimsikilize nani?

Msikilize mwalimu, lakini usimpuuze mwenzako, kwa maana hoja yake ni ya zamani na ina uzito. Mwaka 1789 Daniel Gottlob Türk, mwanamuziki wa Ujerumani, alichapisha kitabu chake cha kufundishia piano, na humo aliagiza kwamba kadenza iwe fupi, isikike kana kwamba imezaliwa wakati huohuo, wala isitangetange kwenye funguo (ngazi za sauti, kama D mdogo) ambazo mtunzi mwenyewe hakuzipitia. Beethoven, aliyeandika kadenza yake mnamo 1809, anavuka mpaka huo waziwazi anapofika B mkubwa, mbali kabisa na D mdogo. Hata hivyo mimi naitetea, kwa sababu Beethoven alielewa kwamba koncheto hii imejengwa juu ya fadhaa, na kila anachokifanya kinaikuza fadhaa hiyo hadi okestra inaporudi. Kadenza hupimwa kwa swali moja: je, inaendeleza hoja ya muziki uliotangulia, au inasimamisha muziki ili vidole vitazamwe?

Kwa kipimo hicho ziko nyingine zinazostahili kusikilizwa, na ninasikitika kwamba wanafunzi hawazigusi. Hummel, aliyekuwa mwanafunzi wa Mozart, aliandika ya kwake. Mtunzi Brahms aliandika, na rafiki yake, mpiga piano Clara Schumann, pia. Clara alipotaka kuzichapisha kadenza zake mwaka 1891 aligundua kwamba ndani yake mlikuwa na mawazo ya Brahms, akamwandikia kumweleza; Brahms akamsihi azichapishe kwa jina lake tu, kwani kama kila deni lingeandikwa, yeye angelazimika kuliweka jina la Clara kwenye melodia zake nzuri kuliko zote. Anayedhani kadenza ni pambo la kubandikwa asome habari hiyo.

Koncheto ya tano ya Beethoven, niiwekee kadenza ya nani?

Usiiwekee yoyote. Beethoven ameandika kwenye nota kwamba kadenza isipigwe, bali mpigaji aendelee moja kwa moja na kinachofuata.

Je, si kosa kupiga kadenza ya karne ya 20 ndani ya muziki wa karne ya 18?

Kosa la nani? Beethoven alitunga koncheto yake ya kwanza katika miaka ya 1790, kwa piano ambayo sauti zake za juu zilikoma mapema, kisha mnamo 1809 akaandika kadenza zinazopanda juu kuliko piano hiyo ilivyoweza. Yeye mwenyewe, basi, ni mtunzi wa baadaye ndani ya kazi yake mwenyewe, na kadenza aliyoiandikia koncheto ya pili, inayoanza kwa sauti zinazofuatana mtindo wa fuga, inasikika wazi kuwa ni ya mtu aliyekwisha kukomaa. Mtunzi Mwingereza Britten alimwandikia mpiga piano Sviatoslav Richter kadenza za K. 482 katika miaka ya 1960, na anapoondoka kwenye lugha ya Mozart anaondoka kwa makusudi na anajua njia ya kurudi. Za mpiga piano Glenn Gould kwa koncheto ya kwanza ya Beethoven zina ufundi mwingi wa fuga, lakini kwangu zinamsikiliza Gould kuliko Beethoven; na kwa kuwa Beethoven ameacha kadenza tatu za sehemu ya kwanza, mojawapo haikukamilika, sioni dharura ya kuzikwepa.

Nataka kuandika yangu. Iwe na urefu gani?

Hongera, na natamani wangeuliza hivi wengi zaidi. Zisome kwanza zile za Mozart mwenyewe, kama za K. 453 na K. 595, uone jinsi anavyochukua vipande viwili au vitatu tu vya melodia na kumaliza kwa dakika moja au mbili. Kisha chukua vipande ambavyo okestra imeviacha bila kuvimaliza. Usianze kwa kupanda na kushuka piano nzima, maana ukishafanya hivyo huna tena pa kwenda.

Je, ni lazima jina la mtunzi wa kadenza liandikwe kwenye programu ya onyesho?

Ndiyo, kila mara, hata kama ni wewe. Na kwa kazi ya mtunzi kama Britten, aliyefariki mwaka 1976, ulizia pia haki za kuipiga kabla hujatangaza tarehe, kwa kuwa Uingereza haki hizo hudumu miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi.